Nilivyorudisha Mbuzi Mwenye Mimba: Habari ya Sanduku Letu la Uzee

Ndugu zangu, wale wa nyuma musogee mbele, maana sauti yangu imezeeka kunipita mimi mwenyewe. Na ninyi wapapa wawili mulioketi karibu na mulango kama watu wanaotaka kuaga, mukaribie pia. Uzee hauulizi kama wewe ni mama ao ni papa.

Mama prezida wa likirimba yetu, chama chetu cha kuwekeana akiba, aliponiomba nisimame leo, alinipa onyo moja tu: nisitaje majina ya watu. Ananijua. Mimi shule niliiacha nikiwa mudogo kule Kalengera, na mutu asiyejua kuandika anaweka vitu vyote kichwani. Nikikutana na wewe mara moja pale sokoni, jina lako linabaki kwangu, na la mama yako, na la mutoto uliyemubeba mugongoni. Kwa hiyo nimefanya hivi: wale walioniumiza, majina yao nimeyafunga kwenye kona ya kitenge, hayatatoka. Kampuni pia sitaitaja. Lakini wale walionisaidia nitawataja, na mama prezida atanivumilia.

Nilikuwa muchambuzi wa kahawa. Wengine hapa munaijua kazi ile. Munakaa wamama kwenye meza ndefu, kahawa inamwagwa mbele yenu, mikono inatafuta punje iliyovunjika, iliyooza, iliyotobolewa na mududu. Mbaya huku, nzuri huku, na midomo inapiga habari za muji wote. Niliipenda. Bwana yangu Paluku, Mungu amupumzishe, aliniachia kiwanja kidogo hapahapa Murara, na nyumba ya mbao juu yake. Lakini mbao zilikuwa zimeoza chini, hata kuku wa jirani alipita bila kuinama.

Hamu yangu ilikuwa moja: nizeeke chini ya paa langu. Watoto wangu ni wazuri, sitawasema vibaya. Lakini niliwaona wazee wengine wamekuwa kama sufuria ya kuazimana, leo kwa huyu, kesho kwa yule, na kila nyumba inairudisha ikiwa nyeusi zaidi. Niliogopa sana kuwa sufuria ile.

Sasa, siku moja wakubwa wa kampuni wakatukusanya wote kwenye hangari. Mumoja alisoma karatasi kwa Kifaransa, mwingine akawa anatafsiri. Akasema kuanzia sasa kutakuwa na sanduku la uzee. Kila mwezi watakata kidogo kwenye mushahara wa kila mutu na kukiweka mule, na kampuni itaweka kiasi kilekile juu yake, kwa jina lako.

Nawaambia, hakuna aliyengoja neno lingine. Mama Katungu, jirani yangu wa meza, ndiye aliyeanza vigelegele. Mimi nikamupokea. Meza yote ikasimama, mutu akaanzisha wimbo wa kanisa, tukacheza mule ndani mpaka vumbi la kahawa likatuziba pua. Yule mutafsiri alikuwa bado anasoma. Tuliona midomo yake inatembea, tukaipigia makofi midomo ile pia. Na yale aliyosoma sisi tukicheza ndiyo yalikuja kunivunja mugongo.

Tulilobakiza kichwani, likazunguka mezani, ni hili: ukimaliza miaka mitano, vyote ni vyako, chako na cha kampuni. Na kweli ndivyo ilivyokuwa. Lakini kulikuwa na mukia, na mukia ule tuliuimbia.

Nikiwa katikati ya mwaka wa tatu, binti yangu Esperance akakaribia kuzaa. Ameolewa kulekule Kalengera, na ilikuwa mimba ya kwanza. Munajua wenyewe. Binti akizaa mara ya kwanza, mama yake anaenda. Ni nani atamukanda na maji ya moto? Ni nani atamuambia mutoto huyu analia njaa, huyu analia tumbo? Hakuna mutu anayeomba ruhusa kwa jambo kama hilo.

Na kazi, niliiacha namna gani? Niliiacha namna tunavyoacha meza sokoni. Ukiwa na matanga ao muzazi, unamutuma mudogo wako anakaa pale, wateja wanamukuta, meza haikulala. Nikamupa mudogo wangu Kanyere aproni yangu, nikamupeleka kwa kapita wetu, musimamizi wa meza. Kapita, ambaye jina lake limo kwenye kitenge, akamutazama mikono, akasema sawa, mradi meza isibaki na pengo. Hakudanganya. Meza haikubaki na pengo. Tena Kanyere alichambua vizuri kunizidi, na niliporudi, kapita alinipokea kama mutu anayepokea mvua siku ya arusi.

Nilikaa kwa muzazi mpaka mutoto akaanza kuchekea watu. Niliporudi kazini walinipigisha kidole upya kwenye karatasi, nikafikiri ni desturi ya biro, maana biro haikosi desturi. Nikavaa aproni yangu, nikaendelea.

Noeli zikapita. Macho yakaanza kunichoka, punje nzuri na mbaya zikawa ndugu. Nikahesabu kichwani tangu siku ile ya vigelegele, nikaona miaka mitano imetimia. Nikaenda kwa fundi Papa Jeremi nikamuambia aniwekee mbao za nyumba ya vyumba viwili. Nikavaa kitenge changu cha misa, nikapanda biro kuaga kazi.

Pale biro kulikuwa na komptable, mutu wa hesabu, Mama Furaha, binti wa Mama Noella munayemujua. Alinipa kiti. Akatazama mashini yake, akanitazama, akatazama tena mashini. Halafu akaniambia kwamba kile nilichokatwa mimi kiko chote, hakuna franga iliyopotea. Lakini kile cha kampuni, bado.

Nikamuuliza bado nini.

Akasema, "Bado hakijawa chako, mama. Ile miaka mitano inatakiwa ifuatane bila kukatika. Ulipoenda kwa muzazi ilikatika. Uliporudi, ulipokelewa kama mufanyakazi mupya, hesabu ikaanza upya."

"Haikukatika," nikamuambia. "Nafasi yangu ilikuwa na mutu. Mudogo wangu wa tumbo moja."

"Meza ilikuwa na mutu, mama. Wewe hukuwako."

Ndugu zangu, nilikaa pale kama mutu aliyemwagiwa maji. Akajaribu kunieleza kwa Kifaransa chao, akasema wanaita droits acquis, haki ambayo imekwisha kuwa yako na hakuna wa kukupokonya. Mimi nilisikia jambo moja tu, kwamba nimeibiwa. Nikamuambia anipe changu chote palepale, niondoke, na kampuni ikae na dhambi yake.

Mama Furaha hakukasirika. Akaniambia, "Chako ni chako, hata leo utakichukua. Lakini ukitoka leo, cha kampuni kinabaki kwa kampuni, na hakitakufuata tena. Rudi nyumbani kwanza. Lala. Halafu uje."

Nilirudi, lakini sikulala. Na hapo ndipo nilianguka kweli. Wengine munakumbuka niliacha kuja hapa, mukaambiwa niko na malaria. Haikuwa malaria, ni haya. Fundi Jeremi nilimukwepa njiani. Kazini nilienda, nikachambua kimya, na Mama Katungu akasema heri nipige kelele kuliko kunyamaza, maana meza ilikuwa inaogopa.

Watoto wangu wakasikia. Wakakusanyika kwangu siku ya Mungu, baada ya misa, wakiwa na nia njema, wakaanza kupanga. Mukubwa atanichukua tangu mwaka mupya mpaka kipindi cha jua. Wa pili atanipokea hapo. Wa tatu akasema kwake ni padogo, lakini Noeli anaweza. Wakaugawa mwaka wangu kama nyama ya sikukuu, na kila mumoja akaangalia asipate mufupa. Mimi nimekaa pale katikati yao, hakuna aliyeniuliza kitu. Nikasikia kabisa masizi ya sufuria ile yananishika.

Sasa musikilize, maana hapa ndipo Mungu alinigeuza, na mujumbe wake alikuja na kibuyu cha maziwa.

Jirani yangu ni Papa Semahoro, muchungaji wa zamani kutoka Masisi. Ng'ombe wake waliisha katika vita, siku hizi anauza maziwa ya watu wengine. Aliingia kunisalimia, nikamumwagia yote. Kampuni ni wezi, komptable ni mwizi mwenzao, kapita ni baba yao. Hakubisha. Aliniuliza tu kama kwetu Kalengera wazee walikuwa wakipeana mbuzi wa kuchunga.

Swali gani hilo? Nani asiyejua? Mwenye mbuzi wengi anakupa mumoja jike. Unamukatia majani, unamufunga, unamukinga na mvua. Mbolea ni yako tangu asubuhi ya kwanza, hakuna anayekuuliza. Akizaa, mwana wa kwanza anaenda kwa mwenye mbuzi. Wa pili ni wako kabisa, hata mukigombana kesho, hata mbuzi arudi kwao. Baba yangu Kambale alitulisha kwa njia hiyo. Nikamueleza Papa Semahoro hayo yote kwa hasira, kama vile yeye ndiye hajui.

Akaniuliza, na ukimurudisha mbuzi kabla hajazaa huyo wa pili?

Nikasema unarudi na mbolea yako.

"Na mwenye mbuzi ni mwizi?"

Nikasema hapana, wewe ndiye ulikosa kungoja.

"Na ukienda safari, ukamuachia mudogo wako ile kamba bila kumuambia mwenye mbuzi?"

Hapo alinishika. Maana najua jibu. Mwenyewe atasema mbuzi sasa anachungwa na mudogo wako, na ukirudi utaanza naye upya. Mutu hawezi kushika kamba kwa mukono wa mwingine.

Papa Semahoro akatikisa kibuyu chake, akanimiminia kikombe, akasema polepole kama kawaida ya watu wa ng'ombe: "Basi, Mama Masika, ulimurudisha mbuzi akiwa na mimba, ukapewa mwingine. Sasa huyu wa pili naye ana mimba, na wewe unataka kufungua kamba. Unamulilia mwana gani?"

Nilicheka. Nilicheka na machozi yakitoka, maziwa yakamwagika kwenye kitenge, na yeye akasema hayo nitalipa.

Kesho yake nilipanda biro tena. Nikamueleza Mama Furaha habari ya mbuzi. Mbolea ni ile pesa ninayokatwa mimi, na mwana wa pili ni ile ya kampuni. Akavua miwani, akacheka, akaniambia hakuna mutu aliyewahi kumueleza kazi yake vizuri hivyo. Halafu tukaongea kama watu. Nikamuuliza kipi ni changu leo. Nikamuuliza kile kingine kitakomaa lini. Na swali ambalo sikuuliza siku ya vigelegele: ni kitu gani kinakata? Akaniambia kuondoka bila kuandikiwa kongé, ile likizo, kunakata. Kumuweka mutu mahali pako kunakata. Kongé uliyoomba na ukakubaliwa haikati. Ugonjwa wenye karatasi ya muganga haukati. Kuzaa hakukati, na wasichana wa meza yetu hawakujua hata hilo.

Nikamuuliza pia kama ile miaka ya kwanza inaweza kurudi. Alipanda kwa wakubwa wake kuniombea, sikumutuma. Wakakataa. Mwana yule alienda, ndugu zangu, sitawadanganya kwamba kila kitu kinarudi. Lakini yule wa pili alikuwa tumboni, na alibakiza kama miaka mitatu tu.

Miaka mitatu, na macho haya. Ndipo Mama Katungu aliinuka kutoka kwenye kiti chake cha dirishani, pale penye mwangaza, kiti ambacho alikikalia tangu kiwanda kifunguliwe na ambacho hata kapita hakuthubutu kukigusa. Akaniambia nikae. Nikakataa. Akasema yeye punje anazijua kwa harufu. "Kaa, Mama Mbuzi," akaniambia, "na ukizaa utuite." Jina hilo likanishika. Kuna watoto hapa Murara wanafikiri nilibatizwa hivyo.

Kila saa ya kula nikawa nahubiri mbuzi. Mutu akifiwa na baba yake, kabla hajapanda gari, tunamusindikiza kwanza biro. Kulikuja kiwanda kingine kikaita watu kwa mushahara mukubwa zaidi. Wengine walienda, na siwalaumu, lakini walienda wakijua wanaacha nini. Mimi nilibaki na kamba yangu.

Halafu, katika mwaka wa mwisho, shetani akanijaribu kwa njia ileile. Esperance akawa tena na mimba, na mimba ile ilimusumbua. Wakwe wakatuma ujumbe nije. Kongé yangu ya mwaka ule nilikuwa nimekwisha kuila kwa matanga ya shemeji. Nikatuma jibu kwamba sitaweza, muzazi ndiye atakuja kwangu. Lo, maneno yaliyorudi! Kwamba Mama Masika amekuwa muzungu. Kwamba anapenda kahawa kuliko damu yake. Kwamba ni wapi mwanamuke aliyeolewa alibebeshwa tumbo barabarani kwenda kuzalia kwa mama yake, katika nyumba ambayo kuku wanapita chini.

Iliniuma, kwa sababu nusu ya hayo nilikuwa nimejiambia mwenyewe. Lakini mukwe wangu Innocent, kijana wa busara, alimuleta bibi yake Esperance yeye mwenyewe, na godoro, na gunia la maharagi. Akaniambia kwa sauti ndogo: "Mama, wakubwa nitawanyamazisha mimi. Wewe maliza."

Mutoto alizaliwa salama, mwanamuke, kwenye kituo cha afya hapa karibu. Asubuhi nilimukanda Esperance kabla ya kazi, jioni nilimukanda tena. Na muchana? Muchana Kanyere alikuwako. Safari hii alishika nafasi yangu kwa muzazi, mimi nikashika meza. Baba mukwe alipokuja kuona mutoto, na jogoo chini ya kwapa, alimupima mukononi kwa muda mrefu, akasema, "Kumbe hata kwa mama wa kahawa watoto wananenepa." Hiyo ndiyo samahani yake. Niliikubali, nikamupika jogoo.

Siku ikafika. Nilipoingia biro, Mama Furaha alikuwa amekwisha kusimama. Alinisomea yote, changu na cha kampuni, akasema: "Sasa ni chako, mama. Hata ukiondoka, hata wakikufukuza kesho, ni chako." Safari hii nilingoja amalize kusoma. Halafu ndipo nikapiga vigelegele, na kule chini meza yote ikanipokea.

Papa Jeremi alinijengea vyumba viwili, mbao mpya, mabati yasiyo na tundu. Noeli iliyopita watoto wangu wote walikula kwangu. Mukubwa, yule aliyenipangia miezi, aliniomba abaki siku chache na bibi yake, maana paa lao linavuja. Nikamuambia karibu mwanangu, hapa hatuhesabu miezi, lakini sahani utaosha. Ameosha. Anaosha vizuri.

Aksanti kwa Mama Furaha aliyenizuia nisichukue hasira yangu ikiwa mbichi. Aksanti kwa Mama Katungu na kiti chake. Aksanti kwa Kanyere, kwa Innocent, na kwa Papa Semahoro, ambaye yuko pale karibu na mulango na anajifanya hasikii. Na kwa Mungu, aliyeniwekea watu hawa barabarani.

Sina masomo ya kuwafundisha. Nasema tu, kama mahali munapofanya kazi kuna sanduku kama letu, musipige vigelegele kabla ya mutu kumaliza kusoma. Kile munachokatwa ninyi ni chenu, kisiwatie usingizi wala hofu. Kile wanachoongeza wao, mujue kinakomaa lini, na mujue zaidi ni kitu gani kinakikata. Muulize kwa Kiswahili. Wakijibu kwa Kifaransa, muulize tena.

Kabla sijakaa, kuna mama mumoja humu ndani. Juzi kwenye robine, tukipanga bidoni za maji, aliniambia ataacha kazi mwisho wa mwezi kwa sababu shefu wake alimufokea mbele ya watu. Jina lake ninalo, na halitoki. Mama, shefu amekufokea siku moja. Uzee utakufokea kila asubuhi. Jumatatu nitakuja kugonga kwako, nimevaa viatu vya misa, tuende wote biro uulize. Wakisema yako imekomaa, utaaga kazi na mimi nitakubebea mufuko. Wakisema bado, tutajua ni muda gani umebaki, na ukifokewa tena utakuja kulia kwangu, kuna chumba.

Usitikise kichwa sasa, mama, watu watakujua. Uniachie tu mulango bila kufunga.